Umeme wa Mashua Kuukuu Huanzia Ngamani

Hori la Kilifi, chini ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991, lina wakazi wasio na kiwanja wala hati ya nyumba. Wanaishi ndani ya mashua za tanga zilizotia nanga mbele ya mikoko na mibuyu. Wapo waliokuja na upepo kutoka Ushelisheli au Madagaska wakinuia kukaa mwezi mmoja, mwaka ukawapitia hapo hapo. Nyingi za mashua hizo ni za faiba, nazo zina umri wa kuitwa bibi. Faiba haiozi upesi. Kinachozeeka kwanza ni waya.

Nilipanda mashua moja ya mita kama kumi siku ambayo mwenyewe na fundi wake walikuwa wakifumua umeme wote. Fundi, kijana wa Mnarani aliyeanzia kazi ya kufunga sola majumbani, alikata waya wa taa ya chumbani akamenya ganda. Shaba ilikuwa nyeusi tii. Akarudi nyuma shibiri moja, akakata tena, nyeusi. Akarudi shibiri nyingine.

"Mzee, huu umekufa wote."

"Ng'oa tu, fundi."

Kwa nje waya ule ulikuwa mzima, hata rangi yake haijapauka. Lakini unyevu wa chumvi huingia kwenye ncha iliyo wazi, ukanyonywa taratibu kati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda, mita baada ya mita. Ndiyo maana waya wa baharini hupakwa bati kila uzi wake, na ncha hubanwa kwa koleo maalumu kisha zikavikwa mpira wenye gundi ndani, unaosinyaa ukipashwa moto. Waya wa namna hiyo ni ghali na si kila duka la umeme linao. Wengi huona uchungu wa bei, wakafunga waya wa gari. Unafanya kazi vizuri sana, mpaka siku unapokataa, na siku hiyo kwa kawaida ni usiku wa mvua.

Kuna pia hesabu ya unene. Umeme wa nyumbani wa volti 240 huwasha kifaa cha wati 100 kwa ampea isiyofika hata nusu. Mashua hutumia volti 12, na kifaa hicho hicho kitataka ampea 8 na ushei. Anayemvutia jirani televisheni kwa waya mwembamba kutoka kwenye betri ya sola anajua picha inavyokata. Tena waya huhesabiwa kwenda na kurudi: taa ya kileleni mwa mlingoti iliyo mita 18 kutoka kwenye betri ina mita 36 za shaba. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, balbu ya zamani ya wati 25 hupoteza karibu volti 0.9 njiani kabla haijawaka.

Na balbu hiyo ina ulafi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinataka chombo cha ukubwa huu kilichotia nanga kionyeshe usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote. Kwetu usiku ni saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, mwaka mzima. Wati 25 kwa muda huo ni ampea-saa 25. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo taa moja imekula nusu ya akiba yako nawe umelala. Taa ya LED ya wati 2 hula ampea-saa 2. Kabla ya kununua paneli ya pili ya sola, badilisha balbu.

Lakini wala si taa ya kuanzia. Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ndani ya mashua kuukuu kila kitu kinarejea huko chini kabisa: maji ya mvua yaliyopenya kwenye bolti za sitaha, dizeli, skrubu iliyomponyoka fundi. Hata gesi ya kupikia, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka ikatuama ngamani, pale pale penye pampu na waya zake. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo sakiti ya kwanza kufungwa upya ni ya pampu ya ngama, na iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye betri, ili hata swichi kuu ikizimwa pampu iendelee kulinda. Iwekewe fyuzi yake, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Viwango vya Kimarekani vinataka kwa kawaida umbali huo usizidi inchi 7, yaani kama sentimita 18. Fyuzi haipo kwa ajili ya pampu wala redio. Ipo kwa ajili ya waya, usije ukageuka utambi.

Hapo ndipo kuishi ndani kunapobadilisha kazi yote. Mashua iliyopandishwa pwani, haina mtu, unaweza kuing'oa waya zote kwa wiki moja ukaanza upya. Mwenye kulala humo hawezi. Leo jioni anataka taa, maji ya bomba na simu iliyochajiwa. Basi hung'oa sakiti moja, huifunga mpya, huijaribu, ndipo huigusa ya pili. Godoro linahamia juu ya meza ili kabati lililo chini yake lifunguke. Chakula kinaliwa mapajani. Koleo linatafutwa chini ya mto. Ni kazi ya kumtoa mtu roho, na ndoa pia imo hatarini. Hata hivyo naona mkazi hufunga umeme bora kuliko fundi wa kuja na kuondoka, kwa sababu anajua swichi ipi huitafuta gizani.

Hatari nyingine ni rangi. Katika nyumba nyingi za zamani nchini Kenya waya mwekundu ndio wenye moto wa volti 240, na kwenye mashua mwekundu ni chanya ya volti 12. Mashua yenye chaja ya kuunganishwa na umeme wa gatini huwa na waya za aina zote mbili, mara nyingine katika kishada kimoja, zikiwa zimefungwa na wenye mashua watatu waliofuatana bila kuachiana mchoro. Hapo mtu asikisie. Kila waya hupimwa, kisha hufungwa lebo ncha zote mbili, na mchoro huchorwa siku ile ile.

Wako wanaouliza kama umeme una haja gani. Baharia Robin Knox-Johnston alizunguka dunia peke yake bila kituo, tangu Juni 1968 hadi Aprili 1969, ndani ya Suhaili, mashua ya msaji iliyoundwa Bombay. Redio yake iliharibika, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua yuko wapi. Alifika. Naliheshimu jambo hilo, ila nisingemshauri mwenye watoto ndani ya mashua aliige. Ninachochukua kwake ni pampu ya mkono, ambayo inapaswa kuwapo hata kama ile ya umeme ni mpya.

Mlingoti huachwa mwisho. Waya mpya hufungwa kwenye mkia wa ule wa zamani, mmoja akavuta kutoka kileleni huku mwenzake akiulisha kutoka chini, taratibu, maana fundo likikatika katikati hakuna mkono unaofika. Anayepanda hupanda asubuhi, kabla upepo haujaamka, na wenye subira hungojea maleleji, kusi ikishachoka na kaskazi haijaingia. Fundi wa Mnarani tayari ameshaulizia ni nani atakayemshikia kamba.