Picha ya kaburi bila rangi: uhai tunauona wapi?



Mwezi uliopita nilipiga picha ya kaburi la koko huku kwetu Ubwari. Udongo ni mwekundu, msalaba umepakwa chokaa, na pembeni kuko mwembe mdogo tuliopanda siku ya maziko. Nikaigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, maana wengi wanaona ndiyo yenye heshima. Nikamtumia baba mdogo, aliye kambini Nyarugusu, Tanzania. Yeye hakuweza kuvuka ziwa kuja kumzika mama yake. Akajibu kwa kifupi: "Mti ulikufa?"

Mti ni mzima kabisa! Ni picha iliyomdanganya.

Picha ya namna hii haishiki rangi, inashika mwangaza tu. Jani la kijani na udongo mwekundu vinaweza kutoka kijivu karibu sawa. Chokaa inatoka nyeupe pe, basi jicho linakimbilia msalaba kwanza. Kwa hiyo kifo kinasema kwa sauti kubwa, na uhai unajificha ndani ya kijivu.

Ukitaka uhai uonekane, uutafute kwa umbo na kwa nuru: chipukizi mbele ya mbingu nyeupe, kivuli cha majani juu ya kaburi, alama za jembe la mtu aliyekuja kupalilia. Fasi iliyopaliliwa inaonyesha kwamba marehemu bado ana watu.

Kuna hatari nyingine. Rangi ikiondoka, kifo kinaonekana cha zamani sana. Pale Makobola, kwenye makaburi ya pamoja ya watu waliouawa kuanzia tarehe 30 Desemba 1998, picha ya vile inaweza kumfanya mwanafunzi wa leo afikiri ni habari za enzi ya wakoloni. Kumbe kuna walionusurika ambao bado wanalima na kuuza sokoni.

Sisemi tuache nyeusi na nyeupe. Mimi nilirudi kaburini asubuhi, nikasimama mwembe uwe kati yangu na jua. Jani likipitwa na jua linang'aa. Kisha kwenye simu nikachagua kichujio cha kijani: majani yakawa meupe zaidi, udongo ukawa giza.

Baba mdogo akaandika: "Sasa nimeuona. Muumwagilie, kiangazi ni kirefu."

Basi kabla ya kutuma picha ya kaburi, tujiulize kwanza: ni nani ataiangalia, na anatafuta nini ndani yake?