Kiazi Kitamu Mezani kwa Wageni: Namna ya Kukioka kwa Moto wa Juu na wa Chini



Makala hii inahusu upishi. Huenda wasomaji wetu waliozoea kukuta katika kurasa hizi habari za mizani, makisio na ukaguzi wa vitabu watashangaa kidogo. Lakini jambo lenyewe lilianzia katika hesabu. Mwandishi alihudhuria Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama kimoja cha msingi katika Mkoa wetu wa Geita. Katika taarifa ya mapato na matumizi palikuwa na kifungu cha chakula cha wajumbe na wageni. Mwanachama mmoja, mama wa makamo, alisimama akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kueleweshwa. Kwa nini chama kimenunua mjini chipsi za viazi mviringo vilivyosafirishwa kwa lori kutoka Nyanda za Juu Kusini, ilhali hapa nyuma ya ghala matuta yetu ya viazi vitamu yamepasuka kwa kujaa?" Mwenyekiti alijibu kwamba mgeni rasmi hawezi kuandaliwa viazi vya kuchemsha. Ukumbi ulicheka, na hoja ikapita.

Kwa maoni ya mwandishi, Mwenyekiti alisema nusu ya kweli. Viazi vilivyotokoswa katika sufuria kubwa hadi vikalowa maji, kisha vikamwagwa katika karai, si chakula cha kumwekea mgeni. Lakini kosa hilo ni la moto na maji, wala si la kiazi. Shabaha ya makala hii ni kueleza namna kiazi hicho hicho kinavyoweza kuokwa nyumbani, bila tanuri, kikawa kitoweleo cha heshima kando ya samaki au kuku.

Hapana budi kwanza kukumbuka jinsi kiazi kilivyopata sifa yake ya unyonge. Tangu enzi za ukoloni, mihogo na viazi vitamu vilihimizwa katika nchi yetu kama mazao ya kinga ya njaa. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilisisitiza tena kwamba kila kaya ijitosheleze kwa chakula. Mazao hayo yaliokoa watu, na hilo halina ubishi. Lakini zao linalohimizwa kwa sababu ya njaa huchukuliwa mwishowe kuwa chakula cha njaa, na mtu akipata nafuu hutaka kuonekana anakula kitu kingine. Katika miji yetu iliyochangamka kwa dhahabu, kama Geita na Katoro, kitu hicho kingine kimekuwa chipsi.

Lakini wengi wetu tuliochunga ng'ombe utotoni tuna ushahidi wa upande wa pili. Mchungaji hufukia kiazi katika majivu ya moto, huenda zake kuzuia ng'ombe wasiingie shambani, na akirudi hukifukua kikiwa kimenywea, ganda jeusi, na utomvu wa sukari umetoka na kugandamana kama asali. Kiazi kile ni kitamu kuliko cho chote kilichotoka katika sufuria ya maji, ingawa vyote viwili vimechimbwa katika tuta moja. Sababu yake inajulikana. Ndani ya kiazi kuna vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi kiazi kinapokuwa na joto la kati, takriban baina ya nyuzi 60 na 75 za Sentigredi, na joto likizidi sana huharibika. Katika maji yanayotokota vipande vya kiazi hulivuka joto hilo kwa dakika chache, na sehemu ya sukari huyeyukia katika maji ambayo baadaye humwagwa. Katika majivu kiazi hulipita polepole, na hakuna kinachomwagika. Siri yote ya upishi tutakaoueleza ni hiyo: moto uanze ukiwa mdogo.

Yafaa pia kujua kwamba kiazi kitamu na kiazi mviringo si ndugu, ijapokuwa majina yao yanafanana na yote mawili yalitoka bara la Amerika. Kiazi mviringo ni wa jamaa moja na nyanya, biringani na tumbaku. Kiazi kitamu ni wa jamaa ya mimea itambaayo yenye maua ya umbo la tarumbeta. Kwa sababu hiyo, mpishi anayekitendea kiazi kitamu kama kiazi cha chipsi, kwa kukitosa katika mafuta yenye moto mkali, huona kimeungua nje kabla hakijaiva ndani, kwa kuwa sukari yake huwahi kuungua.

Uchaguzi wa viazi ni nusu ya kazi. Chukueni viazi vya ukubwa wa wastani, vilivyonyooka, visivyo na michubuko. Kiazi cho chote chenye vitundu vidogo vya fukuzi kitupwe kando, hata kama kilichooza ni upande mmoja tu. Kiazi kilichoshambuliwa na fukuzi hujitengenezea uchungu ili kujikinga, na uchungu huo hauondoki kwa kupikwa. Kipande kimoja kinatosha kuharibu sufuria nzima. (Kwa mkulima, dawa ya kwanza ni jembe: fukuzi huingia kupitia nyufa za tuta wakati wa kiangazi, hivyo kufukia nyufa kwa udongo kunampunguza sana.) Viazi vilivyochimbwa siku hiyo hiyo vinafaa, lakini vilivyokaa takriban wiki moja mahali penye kivuli na joto vinafaa zaidi, kwani michubuko huwa imefunga na utamu umeongezeka. Visiwekwe katika jokofu. Baridi hukifanya kiini kiwe kigumu, na hakiivi sawasawa.

Kwa watu kumi inahitajika kilo 2 za viazi, nusu vyeupe na nusu vya rangi ya machungwa, yaani viazi lishe, kama vile Kabode, Mataya au Kiegea. Kisha samli vijiko vinne vikubwa, kitunguu kikubwa kimoja, maziwa kikombe kimoja, karanga zilizokaangwa na kutwangwa zisiwe unga kabisa kikombe kimoja, chumvi kijiko kimoja cha chai, na pilipili manga kidogo kwa anayeipenda. Samli ya nyumbani, ile iliyotikiswa katika kibuyu, ina harufu ambayo siagi ya dukani haina. Asiye nayo atumie mafuta ya alizeti.

Menyeni viazi na kuvikata vipande vya mviringo vyembamba, unene wa sarafu mbili zilizopandanishwa. Vipande vyote vilingane, maana chembamba kitarojeka wakati kinene bado kigumu. Vinapokatwa vitiwe katika maji yenye chumvi kidogo visije vikawa vyeusi, kisha vikaushwe kwa kitambaa safi. Kitunguu kikatwe chembamba na kukaangwa kwa kijiko kimoja cha samli hadi kilainike.

Sufuria iwe nzito na pana, yenye mfuniko bapa. Ipakeni samli ndani yote. Tandikeni chini jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalegea, lililokatwa kadiri ya kitako cha sufuria, nalo litazuia viazi visishike. Pangeni vipande kwa duara, kila kimoja kikilalia nusu ya mwenzake kama vigae vya paa. Tabaka moja liwe jeupe, la pili la rangi ya machungwa. Baada ya kila tabaka nyunyizeni chumvi, samli kidogo, vitunguu na karanga. Tabaka la mwisho ndilo uso wa chakula, kwa hiyo hapo pangeni kwa uangalifu, kipande cheupe na cha machungwa kwa zamu, kuanzia ukingoni hadi katikati. Mimineni maziwa ya vuguvugu pembeni, siyo juu, ili mpangilio usiharibike, kisha pakeni samli iliyobaki juu.

Sasa moto. Watu wa Pwani hutia makaa chini na juu ya mfuniko wanapopika mikate yao, na jiko la mkaa likitumiwa hivyo hutosha kabisa kuwa tanuri. Wekeni makaa machache jikoni, kama theluthi moja, na theluthi mbili juu ya mfuniko. Mfuniko ukiwa wa mviringo na makaa yakaporomoka, tumieni sinia kuukuu la chuma. Kwa nusu saa ya kwanza makaa ya juu yawe yamefunikwa majivu, ili joto lipande polepole kama tulivyoeleza. Kisha ondoeni majivu, pepeeni, na kuacha kwa nusu saa nyingine. Chomeni kijiti katikati: kikipenya bila kizuizi, viazi vimeiva. Hapo punguzeni karibu makaa yote ya chini, na ya juu yaachwe kwa dakika kumi au kumi na tano hadi uso uwe na rangi ya hudhurungi. Hapa ndipo wapishi wengi hukosea kwa kutoka kwenda kuzungumza. Harufu ya karanga zinazokaribia kuungua haingoji mtu. Aliye na tanuri la umeme au la gesi aliweke katika nyuzi 180, na saa moja itatosha.

Msikate mara moja. Sufuria ikae dakika kumi, maziwa yanyonywe na tabaka zishikane. Kisha kateni kama keki, na kila kipande kitaonyesha mistari yake myeupe na ya machungwa. Kando yake kinastahili sato wa kukaanga kutoka Nkome au Chato, au kuku wa kienyeji, pamoja na mboga za majani. Si chakula cha kushibia peke yake, wala sukari isiongezwe. Mwandishi ameona watu wakitia sukari, na matokeo yake hayakufaa kuliwa na samaki.

Samli katika chakula hiki ina kazi nyingine zaidi ya harufu. Rangi ya machungwa ya viazi lishe inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Upungufu wa vitamini hiyo humfanya mtoto asione vizuri gizani na hudhoofisha kinga yake dhidi ya maradhi. Kiasi cha gramu 125 tu za aina nyingi za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, chaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku. Kazi ya kuzalisha na kueneza mbegu zake ilithaminiwa, na mwaka 2016 Dakta Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Viazi vyeupe havina karotini ya maana. Vina ladha yao kavu ambayo wazee huipenda, na ndiyo sababu tumeshauri vichanganywe.

Wanachama watauliza habari za kiangazi, wakati matuta yamekwisha. Hapo tuna matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Yaloweke usiku kucha, yachujwe, yapangwe katika sufuria kwa namna ile ile, lakini maziwa yawe vikombe viwili na muda upungue hadi dakika arobaini, kwa sababu yalikwisha kuiva. Michembe, iliyokaushwa ikiwa mibichi, yahitaji kuchemshwa kwanza hadi ilainike. Yanapokaushwa kwa ajili ya watoto ni heri yaanikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hupunguza karotini.

Turudi sasa kwenye kile kifungu cha matumizi. Chama kikiamua kununua viazi, maziwa, samli na karanga kwa wanachama wake kwa ajili ya mkutano, ununuzi huo ni ununuzi kama mwingine wo wote. Bei iamuliwe na Kamati kabla ya siku ya mkutano na kuandikwa katika muhtasari. Viazi vipimwe kwa mizani ya chama, siyo kwa ndoo wala kwa rumbesa. Kila muuzaji apewe stakabadhi kwa jina lake mwenyewe. Jambo hili la mwisho tunalisisitiza, kwa sababu mara nyingi mwenye shamba la viazi ni mama, ilhali jina lililo katika daftari la wanachama ni la mumewe, na fedha ikilipwa kwa jina la daftari haimfikii aliyelima. Mjumbe wa Kamati ambaye mke wake au ndugu yake ni muuzaji atamke hivyo kikaoni na asishiriki kupanga bei. Wapishi nao walipwe na kuandikwa, wasichukuliwe kama watu wa kujitolea kwa sababu tu ni wanawake wa kijiji.

Kwa mkutano wa watu mia moja zitahitajika kilo 20 za viazi na sufuria kumi za kadiri tuliyoitaja, au tano zilizo pana maradufu. Msijaze sufuria moja kubwa kwa kina kirefu, maana katikati haitaiva. Viazi vyaweza kumenywa na kukatwa alfajiri, na makaa yakawashwa wakati ajenda ya taarifa ya mkaguzi inapoanza kusomwa.