Mraba ukigeuzwa bado ni mraba
Imigongo, kanga na vipande vya katoni vinaweza kumfundisha mtoto jiometri kabla hajashika rula

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Rusumo kutoka Ngara, Tanzania, kwenda Kigali hupita Nyakarambi, katika Wilaya ya Kirehe. Kando ya barabara hiyo huuzwa imigongo, vibao vyenye michoro ya mistari iliyoinuka, mingi ikiwa ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hununuliwa kama pambo la ukutani. Kwa mtoto wa miaka mitano, kibao hicho hicho kinaweza kuwa somo zima la jiometri.

Imigongo hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao hadi yatokee matuta, kisha hukaushwa, husuguliwa na kupakwa rangi. Jina lenyewe halimsumbui msemaji wa Kiswahili, kwani kwa Kinyarwanda umugongo ni mgongo, na imigongo ni migongo. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi, akipamba nyumba yake kwa ndani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikaribia kupotea, hadi ilipofufuliwa na wanawake wa huko huko waliojiunga katika ushirika.

Katika michoro hiyo ya asili hakuna mtu, mti wala nyumba. Kuna pembetatu, misambamba, mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na miraba iliyosimama kwa kona. Mtoto akiulizwa anaona nini, hawezi kujibu kwamba anaona ng'ombe. Inambidi azungumzie umbo lenyewe, na hapo ndipo jiometri inapoanza.

Jina la umbo si umbo

Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walikamilisha tasnifu zao za udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Swali lililowasumbua linafahamika kwa mzazi yeyote: kwa nini wanafunzi hukariri jiometri bila kuielewa?

Walieleza kwamba uelewa huo hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto huona umbo zima tu, akaliita mraba kwa sababu linafanana na mraba aliouzoea. Baadaye huona sifa zake: pande nne zilizo sawa na pembe nne zilizo sawa. Halafu huunganisha sifa hizo, akakubali kwamba kila mraba ni mstatili pia. Umri peke yake haumpandishi mtoto ngazi. Mafundisho ndiyo yanayompandisha.

Unaweza kujaribu nyumbani. Chora mraba uliokaa sawa, na mtoto atautambua. Ugeuze usimame kwa kona, na huenda akakataa akisema, "Hiyo ni tiara!" Hajakosa akili. Ubaoni na vitabuni ameuona mraba katika mkao mmoja tu.

Sanaa isiyochora vitu inasaidia hapa. Mholanzi Piet Mondrian (1872–1944) alitumia miaka mingi kuchora mistari myeusi, mistatili na rangi nyekundu, buluu na njano. Baadhi ya turubai zake zilikuwa miraba inayotundikwa kwa kona, ikiwamo "Victory Boogie Woogie", aliyoiacha bila kuimaliza alipofariki. Mrusi Wassily Kandinsky naye mwaka 1913 alichora miduara ndani ya miduara, kila kundi katika kisanduku chake. Mtoto anayetazama kazi hizo anaweza kuulizwa mraba uko wapi, mistatili ni mingapi, kipi kiko ndani na kipi kiko nje.

Darasa ndani ya furushi

Si lazima kumtafuta Mondrian. Mwanahisabati Paulus Gerdes (1952–2014), aliyefanya kazi Msumbiji, alionyesha katika vitabu vingi kwamba wasukaji wa vikapu na mikeka wa Afrika wana jiometri mikononi mwao. Tandika kanga moja na utaona pindo likizunguka mji: mstatili ndani ya mstatili.

Aliye sokoni na mtoto anaweza kuanza na katoni tupu. Kata mraba, kisha uukate kutoka kona hadi kona mara mbili. Utapata pembetatu nne zinazolingana. Mpe mtoto mbili na umwache acheze. Akiziunganisha kwa upande mrefu, atapata mraba mdogo. Akiziunganisha kwa upande mfupi, atapata pembetatu kubwa au msambamba. Maumbo ni matatu, lakini katoni iliyotumika ni ile ile. Anayelielewa hilo utotoni hatadanganywa kwa urahisi ukubwani, atakapouziwa kitambaa au kiwanja kinachoonekana kikubwa kwa sababu tu ni kirefu.

Tahadhari ni moja. Kupaka rangi peke yake hakufundishi hesabu. Mtoto akisema "huu ni mraba", aulizwe: "Umejuaje?" Akijibu kwamba unafanana na mraba, bado yuko ngazi ya kwanza. Akipima pande kwa kamba au kwa kidole, amepanda.

Kwa familia za mpakani kuna faida nyingine. Mtoto anayezungumza Kihangaza na mwenzake wa Kinyarwanda wakikaa mbele ya kibao kimoja cha imigongo, pembetatu ni ile ile kwa wote wawili. Bidhaa hizo tayari zinavuka mpaka katika mizigo yetu. Kabla hazijauzwa, mtoto apewe nafasi ya kuzigeuza, kuzifuatisha kwa kidole na kuulizwa amejuaje.