Fahamu: Kwa nini mwani wa Zanzibar unakufa?

Kilimo cha kibiashara cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yakipwa, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi. Kinachoua zao hasa ni joto. Kwenye maji ya kina kifupi, jua likiwa kali, matawi hugeuka meupe, hulegea, kisha hukatika. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ndiyo iliyoathirika zaidi. Spinosamu, aina nyingine, huvumilia, lakini bei yake ni duni mno kwa kazi ngumu hivyo.

Njia mojawapo ya kuokoa zao ni kupeleka kamba kwenye kina kirefu, penye ubaridi. Huko kunataka mashua na kujua kuogelea, ujuzi ambao wanawake wengi hawakufundishwa utotoni. Wafundishwe sasa.