Walimu Wakifanya Kazi Pamoja: Utangulizi

Kama umepangiwa skuli ya huku Jozani, Pete au Kitogani, huenda unadhani mada hii unaijua tayari: walimu wanaelewana, wanachangiana kwenye harusi na misiba, mambo yanakwenda. Hayo ni mazuri, na bila ya hayo hakuna pa kuanzia. Lakini mada hii inauliza swali jengine: je, kuelewana huko kunafika mpaka kwenye somo lenyewe?

Mwaka 1990 mtafiti wa Kimarekani, Judith Warren Little, alieleza ngazi nne za ushirikiano. Ya chini ni kusimuliana: nani kamchosha nani leo darasa la tano. Inafuata kusaidiana, yaani mwenzako anakujibu ukimuuliza. Kisha kupeana zana: andalio la somo, picha, maswali ya mtihani. Ya juu ni kazi ya pamoja, ambapo walimu hubeba kwa pamoja dhamana ya ufundishaji. Usishangae ukikuta wenzako wamekwama chini. Kuomba msaada huonekana kama kukiri udhaifu, na wengi huona heri wanyamaze.

Ngazi ya nne ndiyo yenye utamu, basi tukae nayo. Wajapani wana utaratibu wa zaidi ya miaka 100 wanaouita jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo. Walimu wachache huandaa somo moja, mmoja hulifundisha, wengine huketi nyuma wakiwaangalia wanafunzi. Wanafunzi, si mwalimu. Hapo ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa.

Tuseme somo ni mikoko ya Pete. Mwalimu anauliza kwa nini mizizi ya mkoko imeinuka juu ya tope. Mtoto wa dawati la nyuma anaandika: "Ili isioze." Aliye ubaoni halioni jibu hilo, mwenzake aliyeketi nyuma analiona. Baada ya kipindi wanaulizana: mtoto amefikaje hapo, na swali letu limempotosha vipi? Kwa darasa jengine wanalibadilisha: ndani ya tope hewa ni haba, je, mzizi utaipata wapi? Na kwa kuwa andalio ni la wote, hata somo likiharibika hakuna anayeaibika peke yake. Kwa maoni yangu, faida hii inazishinda nyengine zote.

Kikwazo chetu mara nyingi si roho mbaya, ni ratiba. Penye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana hupishana mlangoni tu. Vituo vya walimu, kama kile cha Kitogani, vinasaidia kuwakutanisha, ila havitoshi kwa kazi ya kila wiki.

Kwa hiyo usianze kwa kuunda kamati. Chagua somo moja linalokusumbua, mtafute mwenzako mmoja, muombe aje kuketi nyuma ya darasa lako. Vipindi vyenu vikigongana, muone mwalimu mkuu mapema, kabla ratiba ya muhula haijabandikwa.