Swali, Mbinu na Uzito wa Ushahidi: Utafiti wa Lugha ya Kufundishia katika Skuli za Unguja, kwa Kuangazia Mkokotoni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua mbinu za kukusanyia data na kupima uzito wa ushahidi katika utafiti wa lugha ya kufundishia Zanzibar. Hoja kuu ni kwamba matokeo mengi yanayodhaniwa kupingana yanatokana na maswali tofauti, na kila mbinu ina swali inaloweza kulijibu na lile isiloweza. Mazingira ya Mkokotoni, Kaskazini Unguja, yanatumika kuonesha hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kuwa Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Uamuzi huo uliongeza uzito wa mjadala uliokuwapo kwa miongo kadhaa katika elimu ya sekondari. Katika mjadala huo, kila upande huja na ushahidi wake: hojaji za wazazi, kauli za walimu, matokeo ya mitihani, na data za darasani. Athari zake humfikia mwanafunzi moja kwa moja. Anayeacha nafasi tupu katika mtihani wa Biolojia kwa kutolifahamu swali huandikwa kuwa hajui Biolojia, na alama hiyo huamua hatua yake inayofuata.

2.0 Swali Hutangulia Mbinu

Kosa la kawaida katika mapendekezo ya utafiti ni kutaja hojaji, usaili na ushuhudiaji kwa pamoja, kana kwamba wingi wa mbinu ni ubora. Inafaa kwanza kubainisha kinachoulizwa.

Hojaji hupima mitazamo. Mzazi wa Mkokotoni anayeziona ajira za hoteli za Nungwi, kisha akachagua Kiingereza, anatoa taarifa sahihi kuhusu matarajio yake. Hata hivyo, jibu lake halisemi lolote kuhusu namna mwanawe anavyoelewa usanisinuru. Aidha, swali “Ungependa mwanao ajue Kiingereza?” na swali “Ungependa mwanao afundishwe Sayansi kwa Kiingereza?” ni maswali mawili. Hojaji inayoyachanganya huzalisha idadi kubwa ya majibu yasiyofasirika.

Ushuhudiaji wa darasani hujibu swali jingine: nani anazungumza, kwa lugha gani, na kwa lengo gani. Hapa ndipo ubadilishaji msimbo wa mwalimu huonekana, jambo ambalo mwalimu huyo anaweza kulikana katika usaili kwa kuwa sera hailiruhusu. Jaribio la ufundishaji, kama lile la Mwinsheikhe (2002) na yale ya mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 Tanzania na Afrika Kusini, hulinganisha makundi yanayofundishwa mada moja kwa lugha mbili. Nguvu yake ni ulinganishi. Udhaifu wake ni kwamba vipindi huweza kuwa vichache, na umahiri wa mwalimu katika lugha hizo mbili huenda usilingane.

Mradi wa SPINE, ulioongozwa na Pauline Rea-Dickins wa Chuo Kikuu cha Bristol kwa ushirikiano na wenzao wa Zanzibar, ulikwenda karibu zaidi na mtihani wenyewe. Maswali ya mtihani wa Kidato cha Pili yaliandikwa upya kwa namna tofauti, ikiwamo kwa Kiswahili, na majibu ya wanafunzi yakachunguzwa. Maudhui yanapobaki yale yale na lugha ikabadilika, tofauti ya majibu huweza kuhusishwa na lugha kwa uhakika mkubwa kuliko alama za jumla zinavyoruhusu.

3.0 Kupima Uzito wa Ushahidi

Kigezo cha kwanza ni kuuliza: kama dai lingekuwa si kweli, je, data zingeonekana tofauti? Alama za chini za Sayansi hazitoshi kuthibitisha tatizo la lugha, kwani zingepatikana pia kwa uhaba wa maabara au wa walimu. Kigezo cha pili ni uhuru wa vyanzo. Hojaji kumi zenye swali moja lenye kasoro hazina uzito wa ushahidi kumi. Zinarudia kasoro moja mara kumi.

Kigezo cha tatu ni umbali kati ya matokeo na pendekezo. Ripoti ya Criper na Dodd (1984) ilionesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hakikutosha kujifunzia, lakini ikapendekeza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Msomaji anaweza kuyakubali matokeo hayo na kulikataa pendekezo bila kujipinga, kwa sababu pendekezo lilitokana na hukumu ya kisera ambayo data za upimaji pekee haziwezi kuitoa.

4.0 Mkokotoni: Mbinu na Mazingira

Mkokotoni inatazamana na kisiwa cha Tumbatu, na Kitumbatu ni sehemu ya lugha ya kila siku ya eneo hilo. Kwa hiyo, kuligawa swali katika Kiswahili na Kiingereza pekee hakutoshi. Whiteley (1959) alikwishaonesha kuwa lahaja za shamba za Unguja zina sarufi yake. Katika Kimakunduchi, kwa mfano, hali timilifu huweza kuoneshwa kwa irabu ya mwisho inayofuata irabu ya mzizi, bila -me-. Mpimaji asiyejua mifumo ya namna hii, anapomsikiliza mtoto akisimulia hadithi, anaweza kuhesabu umbo sahihi la lahaja kuwa kosa la njeo. Kipimo cha ufahamu huwa kimegeuka kipimo cha Kiswahili Sanifu. Ukaguzi wa vipimo ufanywe na wazungumzaji wa eneo kabla ya data kukusanywa.

Kalenda nayo ni sehemu ya usampulishaji. Katika jamii za pwani, bamvua na misimu ya dago huweza kubadili mahudhurio. Mtafiti anayeshuhudia madarasa kwa juma moja tu anaweza kuwakosa wanafunzi ambao swali lake linawahusu zaidi. Ziara zigawanywe kati ya maji makuu na maji mafu, na rejista ya mahudhurio isomwe sambamba na data za ushuhudiaji.

5.0 Hitimisho

Utafiti wa lugha ya kufundishia Unguja utanufaika zaidi na mbinu chache zilizofungamana na maswali bayana kuliko orodha ndefu ya mbinu. Hojaji itumike kwa mitazamo, ushuhudiaji kwa matumizi ya lugha, na maswali yaliyoandikwa upya kwa athari ya lugha katika upimaji. Msimamizi wa tasnifu anaweza kuanza na sharti moja: kila mbinu iandikwe pamoja na dai ambalo haiwezi kulithibitisha.