Jimmy Wang Yu: Steringi wa Mkono Mmoja Aliyemtangulia Bruce Lee, Kisha Kampuni Ikabaki na Mkono Wake

Uliza msee yeyote wa mtaa akutajie steringi wa muvi za Kichina. Atakwambia Bruce Lee. Ukimbana atakuongezea Jackie Chan na Jet Li, halafu stori inaishia hapo. Ukiwa Likoni unangoja feri, ukiwa Kisauni ama Changamwe, jibu ni lile lile.

Sasa shika hii. Kabla Bruce Lee hajarusha teke lake la kwanza kwenye muvi kubwa ya Hong Kong, kulikuwa na jamaa mwingine aliyekuwa baba lao. Anaitwa Jimmy Wang Yu. Alijaza kumbi za sinema akiigiza mtu wa mkono mmoja, akafungua njia ambayo Bruce Lee alikuja kuitawala, kisha akakosana na mwajiri wake hadi akahama mji. Alifariki Taipei, Taiwan, Aprili 5, 2022, akiwa na miaka 79.

Stori yake ina ngumi za kutosha. Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya karatasi, na hapo ndipo nataka utulie kidogo.

Kiwanda cha muvi

Wang Yu alizaliwa Shanghai mwaka 1943. Hakukulia kwenye hekalu la kung fu kama unavyowaza. Alikuwa muogeleaji hodari. Mwaka 1963 akachukuliwa na kampuni ya Shaw Brothers huko Hong Kong.

Shaw Brothers haikuwa kampuni ya kawaida. Bosi wake, Run Run Shaw, alifungua mji mzima wa muvi pale Clearwater Bay mwaka 1961. Waza EPZ, ila badala ya kushona suruali za kupeleka ng'ambo, inatoa muvi. Mitaa ya kizamani ya kupigia picha iko mle ndani, nguo zinashonwa mle ndani, na waigizaji wana mabweni mle ndani. Unaamka, unavaa nywele za bandia, unapigana, unalala, kesho tena.

Na ile kitu ya midomo kwenda kivyake na maneno kivyake? Si ubovu wa kanda. Shaw walikuwa wanarekodi picha bila sauti, halafu sauti inawekwa baadaye studio. Hata Mchina wa Hong Kong aliangalia muvi iliyotiwa sauti. Kisha ikatiwa Kiingereza ndio iuzwe nje. Ilipofika kwenye kibanda cha video, DJ Afro akapanda juu na Kiswahili chake. Kwa hivyo ile sauti unayoijua ya steringi ni ya tatu kuwekwa mdomoni mwake.

Kwenye kiwanda hicho, mwigizaji alikuwa mfanyakazi wa mkataba wa miaka. Muvi ikivuma, faida ni ya kampuni. Jina lako likiwa kubwa, hilo pia ni mali ya kuuzia tikiti za kampuni. Kumbuka hapo.

1967: mkono unakatwa

Mwaka 1967 mwelekezaji Chang Cheh alimpa Wang Yu muvi inayoitwa *One-Armed Swordsman*.

Stori iko hivi. Fang Gang ni mtoto wa mtumishi. Baba yake alikufa akimlinda mwalimu wa upanga, na mwalimu akamlea kijana kwa shukrani. Lakini watoto wa matajiri pale shuleni wanamdharau. Siku moja binti wa mwalimu, kwa hasira tu, anamkata mkono wa kulia. Fang Gang anaokolewa na msichana wa shamba, anajifunza upya kwa mkono wa kushoto kupitia kitabu kilichoungua nusu, akitumia kipande cha upanga uliovunjika alichoachiwa na baba yake.

Utamu uko hapa. Maadui wamebuni chuma cha kubana upanga wa shule ile. Kila mwanafunzi akivuta upanga wake mrefu, unabanwa, anauawa. Fang Gang anakuja na kile kipande kifupi, na chuma hakiwezi kukibana. Kile walichomchekea ndicho kinachomaliza vita. Akishashinda, hataki cheo wala shule. Anaenda zake kulima na yule msichana.

Mtoto wa mtumishi, mkono mmoja, silaha mbovu, na bado anawalaza wote. Si lazima ujue Kichina kuelewa hiyo. Ilikuwa muvi ya kwanza ya Hong Kong kuingiza zaidi ya dola milioni moja za Hong Kong pale pale nyumbani. Wang Yu akawa steringi namba moja.

1970: anaweka upanga chini

Wakati huo muvi za mapigano za Shaw zilikuwa za panga. Wang Yu akaamua kuandika, kuelekeza na kuigiza muvi yake mwenyewe, *The Chinese Boxer*, iliyotoka Novemba 1970. Humu watu wanapigana mikono mitupu. Kuna shule inavamiwa, mwalimu anauawa, mwanafunzi mmoja anabaki, anachoma viganja kwenye mchanga wa moto hadi viwe chuma, kisha anaenda kulipiza.

Unaijua hiyo stori? Bila shaka. Umeiona mara mia. Muvi za kung fu zilikuwepo zamani, hasa zile za nyeusi na nyeupe za Kwan Tak-hing, lakini wengi huihesabu *The Chinese Boxer* kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo mpya wa muvi kubwa za ngumi. *The Big Boss* ya Bruce Lee ilitoka Oktoba 1971, karibu mwaka mzima baadaye.

Mkono ni wa nani?

Mwaka huo huo wa 1970, Raymond Chow, aliyekuwa mkubwa ndani ya Shaw, alitoka akaanzisha kampuni yake, Golden Harvest. Wang Yu akaondoka Shaw naye akaanza kufanya kazi na Golden Harvest, mkataba wake ukiwa bado haujaisha. Tusimpake mafuta: alikuwa ameweka sahihi, na alivunja.

Shaw hawakunyamaza. Mambo yakaenda hivi:

Kwanza, mwaka 1971 Shaw walitoa *The New One-Armed Swordsman*. Mwelekezaji ni yule yule Chang Cheh. Mkono mmoja ni ule ule. Ila steringi sasa ni David Chiang. Wang Yu aliutoa jasho mkono ule, lakini haukuwa wake.

Pili, mwaka huo huo Golden Harvest wakamtoa Wang Yu akiwa tena na mkono mmoja, safari hii akikutana na Zatoichi, yule mpiganaji kipofu wa Kijapani. Shaw wakaenda kortini.

Tatu, Wang Yu akajikuta hana nafasi ya kufanya kazi Hong Kong. Akahamia Taiwan.

Na huko alifanya nini? Alitengeneza *One-Armed Boxer*. Akatoa upanga, akabakisha mkono mmoja. Upanga ni wa kampuni, sawa, kaeni nao. Ngumi ni yangu. Mwaka 1976 akaja na mwendelezo wake, *Master of the Flying Guillotine*, ambapo kipofu anarusha kofia ya chuma inayokata vichwa. Silaha hiyo ilikuwa imeonekana kwenye muvi ya Shaw mwaka mmoja kabla, kwa hivyo naye hakuwa malaika. Mle ndani kuna Mhindi wa yoga ambaye mikono yake inarefuka. Kama umewahi kucheza Street Fighter na kumchukua Dhalsim, inasemwa sana kwamba alitokea hapo.

Bruce Lee naye alipozungumza na Shaw, walimpa mkataba wa kawaida wa mwigizaji mchanga. Akakataa, akaenda Golden Harvest. Mlango ambao Wang Yu alitokea kwa fujo, Bruce Lee aliupita akiwa hajafunga mikono yake kwa sahihi yoyote. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi zao mbili.

Hii inakuhusu nini wewe?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikupigii lekcha. Lakini angalia mtaani. Kuna dogo Mtongwe anarekodi ngoma kwa studio ya mtu. Kuna dada Bombolulu anachekesha TikTok, kampuni imemwambia imchukue. Kuna jamaa Magongo anachora katuni kwa mshahara wa mwezi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema hivi kwa ufupi: kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu, haki yake inahesabiwa imehamia kwa huyo aliyekuajiri au kukuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yale maneno ya mwisho ndiyo kipande chako cha upanga. Kubaliana vingine kabla ya sahihi, si baada ya kuvuma. Uliza jina la mhusika ni la nani. Uliza ukiondoka unaondoka na nini.

Uanze na ipi?

Anza na *One-Armed Swordsman*, halafu *The Chinese Boxer*, kisha *Master of the Flying Guillotine*. Malizia na *Wu Xia* ya 2011, ambayo nje iliuzwa kwa jina la *Dragon*. Humo Wang Yu ni mzee, tena jambazi mkuu, akipambana na Donnie Yen. Karibu na mwisho Donnie Yen anabaki na mkono mmoja. Ilikuwa imepita miaka 44, na kila mtu aliyekuwa anaijua stori alijua ule mkono unamsalimia nani.